Maranda Yaliyopikwa Hayaanikwi

Siku waliponiaga, vijana wa kituo walinipa saa ya ukutani. Sijui nani alifikiri kwamba mtu anayeachana na kengele ya kazi anahitaji saa, lakini ni nzuri na inatembea. Walinipa pia kazi ya mwisho. Mmoja wao aliuliza kwa nini juu ya mlango wa banda la zamani kumeandikwa kwa rangi nyekundu MARANDA YALIYOPIKWA HAYAANIKWI, na wote wakatazamana. Kila mtu anaitii amri ile, hakuna anayejua ilikotoka. Basi naandika. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa vichache na vingine nilipewa kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine karibu. Mshahara wangu mnaujua, ulitoka dirisha lile lile mnalopangia foleni ninyi.

Shule niliacha darasa la tano, ng'ambo ya Busisi. Watu hudhani ilikuwa shauri ya ng'ombe wa kuchunga. Ukweli ni kwamba mwalimu alituambia maji ya ziwa letu hufika mpaka Misri, nami nikataka kuona yanapita wapi. Sikufika Misri. Nilifika Kigongo, upande wa pili wa kivuko, nikawa nabeba mizigo ya abiria. Nilipokwisha kuelewa jinsi kivuko kinavyobeba malori bila kuzama, nikahama. Nilifanya kazi kiwanda cha kuchambua pamba mpaka nikajua mashine inatenganishaje mbegu na nyuzi. Miaka ya ruksa ilipokuja, kila mtu akaachiwa kufanya biashara, niliuza mitumba Nyamagana, nikajifunza kusoma majina ya nchi kwenye kola za mashati. Nikaingia kiwanda cha minofu ya sangara, nikatoka na kikohozi cha baridi. Kila kazi niliiacha siku nilipoielewa. Begi langu la turubai lilikaa kwenye msumari nyuma ya mlango, limefungwa tayari, na wenye nyumba wote niliopanga kwao walilitazama kwa wasiwasi.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa nasukuma mkokoteni katika kiwanda cha mbao huko Igoma. Kazi yangu ilikuwa kuzoa maranda na vumbi la msumeno na kuyamwaga nyuma ya kiwanda, ambako yalikuwa yamefanya kilima. Kilima kile kilifuka moshi kwa ndani mwaka mzima, kama mtu mwenye kinyongo. Pembeni yake palikuwa na banda la bati ambalo wenzangu walisema ni la serikali, maana yake usiulize. Asubuhi moja nikasikia kipande cha reli kikigongwa, sauti ya mzee ikiita, "Masikio!", halafu mlio kama wa gobole kubwa. Kuku wakaruka. Wenzangu wakalala chini. Mimi niliacha mkokoteni nikaenda kuchungulia.

Ndani mlijaa mvuke, na harufu ya sukari iliyoungua ikichanganyika na siki. Mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu alikuwa amesimama mbele ya boila, akikitazama kipimo chake kama mchungaji anayemtazama ng'ombe mwenye mimba.

"Shikamoo mzee. Mnapasua mawe humu?"

"Marahaba. Tunapasua maranda."

"Maranda si yameshapasuliwa na msumeno?"

"Muulize yule mama. Mimi kazi yangu ni mvuke."

Huyo alikuwa Mzee Magesa, Mjita wa upande wa Musoma, aliyekuwa fundi boila katika kiwanda cha pamba mpaka kilipofungwa. Alipoondoka aliondoka na mtungi mmoja mzito wa chuma uliokuwa unakwenda kuuzwa chuma chakavu, na mtungi huo ndio uliotoa mlio. Waliuita Mzinga. Yule mama alikuwa Kokushubira, mkemia kutoka Kagera, aliyesomea mambo ya mbao nje ya nchi na kurudi kwenye banda lisilokuwa na dari. Sote tulimwita Mama Koku. Alinitazama viatu kwanza, halafu uso.

"Wewe ni wa kiwandani?"

"Mpaka jioni, mama."

Hakucheka. Alifungua bakuli lake la chakula, akanimegea kipande cha ugali wa jana. "Tafuna. Usimeze mpaka nikwambie."

Nilitafuna. Wapita njia huwa tunapewa vyakula vya namna nyingi, lakini huo ulikuwa wa kwanza kunipa kazi. Baada ya muda ugali ukaanza kuwa mtamu.

"Nani ametia sukari?" akauliza.

"Labda wewe."

"Mate yako. Ndani ya mate kuna kitu kinaitwa kimeng'enya. Ugali ni sukari nyingi zilizoshikana mikono. Kimeng'enya kinazikata mikono. Sasa na mti ni hivyo hivyo. Mti ni sukari tupu, ila zimeshikana kwa namna ngumu zaidi, halafu zimepakwa gundi pande zote. Mchwa anajua kuzifikia. Ukungu unajua. Sisi hatujui."

"Kwa hiyo mti ni ugali."

"Mti ni ugali uliofungiwa kabatini," akasema. "Kazi ya Mzinga ni kuvunja kabati."

Mkokoteni wangu ulikaa pale nje mpaka msimamizi wa mbao akaja kuufuata yeye mwenyewe. Jioni nilipokwenda kumuaga, alisema alishajua. Kesho yake nilikuwa wa banda.

Niwaeleze tulivyofanya kazi, kwa sababu ninyi mna mashine zinazojizima zenyewe na mnaweza kudhani mambo yalizaliwa hivyo. Tulichukua maranda ya mkaratusi, tukayaloweka, tukayajaza kwenye Mzinga na kufunga mfuniko kwa boliti. Mzee Magesa aliingiza mvuke na kuuacha ukae humo kwa shinikizo kubwa, maranda yakipikika kama maharage kwenye sufuria iliyofungwa. Kisha aligonga reli, akaita "Masikio!", na kuifungua vali ya chini kwa teke moja. Maranda yaliruka kutoka shinikizo kubwa kwenda hewani kwa ghafla, na maji yaliyokuwa ndani ya nyuzi zake yakageuka mvuke mara moja na kuzichana. Kilichoangukia kwenye tangi hakikuwa maranda tena. Kilikuwa tope la kahawia, laini, lenye nyuzi kama sufi iliyolowa. Tope hilo tuliliosha mpaka maji ya kuoshea yakatoka safi, tukalianika juu ya mikeka, na likikauka tukaliweka kwenye magunia.

Upande wa pili wa banda Mama Koku alifuga ukungu. Aliupata kwenye gogo lililokuwa linaoza ufukweni, ukungu wa kijani wenye njaa ya mti, akaulisha pumba kwenye sinia. Ukishiba aliusuuza kwa maji, na maji hayo ndiyo yaliyobeba kimeng'enya. Tulichanganya maji yale na tope letu kwenye mapipa, tukayafunika kwa maranda makavu ili joto lisitoke. Joto lilitakiwa kuzidi la maji ya kuogeshea mtoto lakini lisifike la chai. Mzee Magesa alilipima kwa kiwiko, Mama Koku kwa kipimajoto, na hawakuwahi kukubaliana.

Mwisho tulipima. Mama Koku alikuwa na dawa ya bluu. Ukiichanganya na maji yenye sukari na kuichemsha, hubadilika rangi. Sukari kidogo, inakuwa kijani. Sukari nyingi, inakuwa nyekundu ya tofali. Tofali ndilo tulilolitafuta. Kila mara tulipata kijani, tena kijani cha aibu, kama majani ya chai yaliyochemshwa mara ya tatu.

Kiangazi hicho shirika lililokuwa linamiliki kiwanda na banda letu likauzwa. Zilikuwa zama za kuuza kila kitu. Ulikuwa unaweza kulala ukiwa wa umma ukaamka ukiwa wa mtu. Aliyetununua alikuwa mfanyabiashara wa samaki, Bwana Kitundu, mtu mfupi asiyevaa tai, mzaliwa wa hapa hapa. Alikuja kuona alichonunua. Alikizunguka kilima cha maranda kinachofuka moshi, akakohoa, akaingia bandani.

"Hapa nitaweka barafu ya samaki," akasema. "Ninyi mnafanya nini?"

"Tunataka kupata sukari kwenye maranda," Mama Koku akamjibu. "Na kwenye sukari, spiriti ya hospitali."

"Mnataka, au mnapata?"

"Tunataka."

Bwana Kitundu alimgeukia Mzee Magesa. "Na wewe mzee, unaamini?"

"Mimi naamini mvuke," akasema Mzee Magesa. "Haya mengine nasindikiza."

Yule bwana akacheka, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichotupa nafasi. Alisema kile kilima kinamgombanisha na majirani, kila siku wanamlalamikia moshi. Kama kuna mtu anayeweza kukila, yuko tayari kumsikiliza. "Nitarudi baada ya Krismasi. Mkinionyesha sukari, banda lenu. Msiponionyesha, boila nitaiuza chuma chakavu na hapa patakuwa pa barafu. Tumeelewana?"

Tulielewana. Mzee Magesa hakuwa na mahali pengine pa kupeleka ujuzi wa mvuke. Viwanda vyote alivyovijua vilikuwa vimefungwa milango. Mama Koku alikuwa ameacha ualimu wa chuo kwa ajili ya banda lile. Mimi peke yangu nilikuwa na begi lililofungwa. Lakini kulikuwa na jambo geni: kazi hii sikuwa nimeielewa bado, na nilikuwa naomba, kwa mara ya kwanza, mahali pasinifukuze kabla sijapachoka.

Tuliongeza mvuke. Kijani. Tuliongeza muda wa kupika mpaka tope likatoka jeusi. Kijani. Mama Koku alilaumu ukungu, akaulisha upya, akaubembeleza. Maji yake akayajaribu kwenye pamba iliyolowekwa, tukapata tofali zuri. Ukungu haukuwa na kosa. Akayaangalia matope yetu kwenye darubini, akasema nyuzi zimechanika kama inavyotakiwa. Mzinga nao haukuwa na kosa.

"Basi kosa ni letu," Mzee Magesa akasema.

"Mzee, hilo halitusaidii."

"Sijasema linasaidia."

Desemba ilipofika Mama Koku hakupanda meli kwenda kwao Bukoba. Alisema ndizi atazikuta. Tulipanga kulipua mara ya mwisho, tuanike vizuri, tuwe na magunia ya kutosha kufanya majaribio mfululizo mpaka mgeni arudi. Tukalipua, tukaosha, tukatandaza mikeka. Mawingu yakatokea upande wa ziwa, meusi, yakishuka chini kama yanatafuta kitu. Tulikimbia na mikeka lakini mvua ilitukuta. Tope lote likalowa, na siku iliyofuata ikanyesha, na iliyofuata. Jua likawa habari ya kusimuliwa.

"Likikaa hivi litaoza," nikasema.

Mama Koku alisimama mlangoni akiitazama mvua. "Litie kwenye mapipa lilivyo. Bora lioze na kimeng'enya kuliko lioze bure."

Tukalitia likiwa limelowa, tukamwaga maji ya ukungu, tukafunika. Hakuna aliyetarajia kitu. Mzee Magesa alileta kahawa chungu tukanywa kama watu walio msibani.

Asubuhi tuliyopima, mimi ndiye niliyekuwa nimeshika neli ya kioo juu ya moto. Bluu ikawa kijani, na nikaanza kuiondoa kwa mazoea. Mama Koku akanishika mkono. Kijani kikawa njano. Njano ikawa rangi ya chungwa. Halafu likaja tofali, zito, likatulia chini ya neli kama matope ya mfinyanzi.

Mzee Magesa alivua kofia, akaitazama, akaivaa tena.

"Ni mvua," akasema. "Mungu ametia mkono."

"Inawezekana," akasema Mama Koku. "Lakini Bwana Kitundu hatanunua mkono wa Mungu. Turudie."

Tukarudia. Tulilipua upya, tope tukaligawa mara mbili. Nusu tulilikausha karibu na boila, nusu tukalifunika kwa magunia yaliyoloweshwa. Kavu likatoa kijani kile kile cha aibu. Bichi likatoa tofali. Tulijua sasa ni nini. Hatukujua ni kwa nini, na mimi kitu hicho huninyima usingizi kuliko njaa.

Mwenye nyumba wangu wakati huo alikuwa Mama Sayi, Msukuma wa Magu, aliyekuwa akituletea chakula cha mchana bandani. Siku hiyo alileta matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa mpaka vikawa kama vipande vya ngozi. Mzee Magesa alitia kimoja mdomoni, akakihamisha shavu la kulia kwenda la kushoto.

"Mama Sayi, hivi viazi au soli?"

"Viloweke, mzee. Meno huna na subira huna."

"Si ulishavichemsha? Vilikuwa laini."

"Vilikuwa. Kiazi kikishapikwa na kukauka, hakirudi kuwa kile cha mwanzo hata ukikiloweka kutwa. Kwani hujui?"

Mama Koku alikuwa na kipande chake mkononi. Alikivunja, akakitazama ndani, akakipeleka dirishani kwenye mwanga. Kisha akakaa juu ya gunia, akaanza kucheka taratibu, kicheko cha mtu aliyekuwa anatafuta miwani akaikuta usoni.

"Mzinga unafungua nyuzi," akatuambia. "Ndani kunabaki vitundu vidogo, vimejaa maji. Maji ndiyo yanayovishikilia visifunge. Kimeng'enya kinapitia humo. Tukianika, maji yanatoka, kuta zinalala moja juu ya nyingine na kugandana. Ukirudisha maji hazifunguki tena, au zinafunguka kidogo. Sisi tumekuwa tunavunja kabati kwa mzinga, halafu tunalipigilia misumari kwa jua."

"Na wewe umesoma," Mzee Magesa akamwambia.

"Nimesoma. Hata kitabuni lipo, nilishalisoma. Lakini kwetu kahawa inaanikwa. Kwenu dagaa. Kwa Ndaki hapa," akaninyoshea kidole, "kila kitu. Nani angewaza?"

Ni kweli. Ukanda huu wote, kitu kisichoanikwa hakiaminiki. Dagaa juu ya mchanga, udaga wa muhogo juu ya majabali, michembe ya viazi juu ya paa, nguo juu ya michongoma. Tulipoanika maranda hakuna aliyeuliza, kwa sababu hatukuona kama tumeamua jambo. Ninyi vijana mkikwama, chunguzeni kwanza kile ambacho hakuna aliyekiamua. Huo ndio ushauri pekee wa bure katika karatasi hizi.

Bwana Kitundu alirudi baada ya Krismasi kama alivyosema, ila alitoa taarifa asubuhi na kuja mchana. Pipa lilikuwa tayari, limejaa uji wa kahawia wenye sukari ndani yake. Ilibaki kuukamua na kuuchemsha mpaka uwe mzito, kwa sababu Mama Koku alikuwa na uhakika kwamba yule bwana hatashangaa rangi za kwenye neli. Tukaweka kitambaa cha kuchujia, tukaanza kukamua, kikachanika. Tukaweka cha pili. Mzee Magesa alikinyonga kama anavyonyonga vali, kikafuata njia ya mwenzake. Magunia yalikuwa na matundu makubwa mno.

"Turubai," akasema Mama Koku. "Nani ana turubai?"

Nilikimbia mpaka kwa Mama Sayi, nikalitoa begi msumarini. Bandani nikalimwaga juu ya meza. Ilitoka kofia ya mabaharia wa Kigongo, glavu moja ya kiwanda cha samaki, ndoano ya marobota ya pamba, sweta, blanketi, spana. Mzee Magesa alivitazama vitu vile.

"Ndaki, wewe unahama na ushahidi."

Tuliliosha, tukalijaza uji, tukalitundika kwenye boriti na kulinyonga sote watatu. Maji ya dhahabu yakaanza kudondoka kwenye sufuria. Lilikuwa chujio bora kuliko vyote tulivyowahi kuwa navyo. Mama Koku aliyachemsha maji yale taratibu mpaka yakawa mazito kama asali nyepesi.

Bwana Kitundu aliingia, tukaamkiana. Mama Koku alimwonyesha neli yenye tofali na kumweleza. Alisikiliza kwa adabu.

"Rangi hata mimi naweza kuweka," akasema. "Iko wapi sukari?"

Akapewa kijiko. Alinusa kwanza, kama wanunuzi wa samaki wanavyofanya. Akaonja. Akakilamba kijiko polepole mpaka Mzee Magesa akaanza kukitazama kipimo cha boila iliyokuwa imezimwa.

"Ina ladha ya kabati," akasema mwishowe.

Sikuthubutu kumtazama Mama Koku. Yule bwana hakuwa amesikia habari yoyote ya makabati.

"Lakini ni tamu," akaongeza, akachota tena. "Hii imetoka kwenye takataka zangu?"

"Zile pale nje," nikasema.

Alikwenda mlangoni akakitazama kilima chake. Akauliza maswali mengi, na kwa kila moja Mama Koku alisema kile tunachokijua na kile tusichokijua, bila kuongeza chumvi. Spiriti bado. Kiasi kikubwa bado. Akauliza kwa nini mwanzo tulishindwa, akaelezwa habari ya jua. Hapo ndipo alipoonekana kuamini kabisa. Alisema barafu nayo ni hivyo: samaki akigandishwa vibaya, ukimyeyusha unapata pamba. Kila mtu anajua kitu kimoja vizuri, na hupenda kukikuta kwa jirani.

"Banda libaki," akasema. "Barafu nitaiweka kule mbele. Boila msiiguse bila huyu mzee." Kisha akanielekezea kijiko. "Na huyu ni nani?"

"Huyo ni wa mpaka jioni," Mzee Magesa akamjibu.

Mama Koku aliangalia juu, kwenye boriti, ambako begi langu lilikuwa bado linadondoka tone moja moja.

"Begi lake limelowa," akasema. "Haendi popote."

Wiki hiyo nilipanda ngazi na kopo la rangi, nikaandika maneno yale juu ya mlango. Herufi zimepinda kwa sababu Mzee Magesa alikuwa ameshika ngazi huku akinielekeza.

Mengine mnayajua au mnaweza kuyasoma. Spiriti ilipatikana, kwanza kidogo ya kusafishia vidonda, baadaye ya kutosha kuuza, baada ya polisi kuja mara mbili kunusa wakidhani tunapika gongo. Banda likawa kituo, kikakua, kikapata dari. Mzee Magesa alizikwa kwao Musoma, na tulipomzika niligonga kipande cha reli. Mama Koku yuko Bukoba na migomba yake, akinipigia simu kuuliza joto la mapipa, na nikimtajia haamini.

Mara nyingi nilitaka kuondoka. Ilikuwa ikinipata hasa mwanzo wa kiangazi, ziwa linapong'aa na mtu akakumbuka kwamba Misri ipo. Nilikuwa nakwenda kuchukua begi, na kila nilipokwenda lilikuwa na uji ndani, au linadondoka, au limefunika tope lisikauke. Huwezi kufunga safari na begi lililolowa. Nilikuwa nasema nitangoja likauke, na sisi katika banda lile hatukaushi vitu. Tena, nikiri, kila nilipodhani nimeuelewa mti, ulinionyesha kabati jingine nyuma ya lile la kwanza.

Siku ya mwisho, baada ya keki na soda, nilipita kule banda la zamani kulichukua. Limetiwa viraka mpaka kilichobaki cha asili ni mikanda. Binti wa zamu alikuwa amelitandaza juu ya pipa, juu ya tope lililolipuliwa asubuhi, na alikuwa analimwagia maji kwa kata.

"Shikamoo mzee. Umelifuata? Nikukamulie?"

"Marahaba. Tope la leo ni la mti gani?"

"Msonobari. Unatusumbua. Haukubali kama mkaratusi."

Nikainama nikanusa. Kweli, harufu ilikuwa nyingine kabisa. Nikamwambia aliache pale pale lilipo, na asubuhi anipigie simu aniambie rangi. Niliondoka na saa ya ukutani kwapani. Begi lilibaki kazini.